Nimechoka Kufukuzwa Uganda Kwenye Seti: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Sanaa na Filamu

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia sanaa, utamaduni na filamu nchini Uganda: wizarani, bungeni, kwenye kumbi za umma, kwenye kamati za tuzo na kwenye mifuko ya kusaidia wasanii.

Yah: Wasanii machotara na kazi za Kiswahili

Waheshimiwa,

Barua ya ofisini husomwa na mtu mmoja kisha ikalala kwenye faili. Hii nataka isomwe na waigizaji wenzangu pia, ndiyo maana nimeiandika hadharani. Nimeiandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayofanyia kazi. Atakayeuliza kama inaruhusiwa, Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005, ibara ya 6 ikakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Mkikwama popote humu ndani, muulizeni mjukuu.

Ombi langu ni hili: fedha za umma, kumbi za umma na tuzo za umma zisimpime msanii kwa sura yake, wala zisiihesabu kazi ya Kiswahili kuwa kazi ya wageni. Mengine yote ni maelezo, na maelezo yenyewe ni marefu, kwa hiyo agizeni chai.

Mimi ni mwigizaji, mwandishi wa tamthilia, na miaka ya karibuni nimekuwa mwongozaji wa filamu. Nilizaliwa Jinja mwaka mmoja kabla ya tangazo la Agosti 1972 lililowapa Wahindi siku 90 wawe wameondoka nchini. Baba alikuwa Mgujarati, muuza vitambaa. Mama alikuwa Mnubi wa Bombo kwa mama yake na Msoga kwa baba yake. Baba aliondoka na ndugu zake. Mama alibaki, mimi nikiwa mgongoni. Mama hakujua Kigujarati, na baba hakujua Kinubi, wala Lusoga chake hakikuzidi kile cha kuuzia shati. Walipatana bei kwa Kiswahili, wakapendana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, na mimi nimekulia humo humo. Watu wa Jinja ya zamani, wa Kisenyi, wa Bombo, wa soko la Arua na wa Busia kule mpakani wanajua nyumba za namna hiyo zilivyo nyingi.

Jukwaani nilianzia shuleni, halafu nikaingia Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mliokuwepo mnakumbuka kipindi kile. Kundi la maigizo la Bakayimbira lilikuwa linajaza ukumbi kwa mchezo unaozungumzia UKIMWI, wakati ambapo kwenye familia nyingi ugonjwa ule ulikuwa bado hautajwi kwa jina lake. Watu walikuwa wanalipa kiingilio ili wakalie pamoja. Kijana yeyote mwenye sauti na asiye na haya alipata kundi la kujiunga nalo, na mimi nilikuwa na vyote viwili.

Hakuna aliyewahi kuniambia sijui kuigiza. Tatizo lilikuwa nitaigiza nani.

Sehemu ya kwanza niliyopewa ilikuwa ya Mhindi mwenye duka. Ya pili ilikuwa ya Mhindi mwenye duka, huyu akiwa na kisukari. Kuna Kiswahili cha Mhindi wa jukwaani ambacho nyote mnakijua: "Veve nataka nini? Mimi nauza rahisi kabisa, veve nalia bei!" Nilipewa maneno hayo niyatamke mimi, niliyenyonya Kiswahili pamoja na maziwa. Nikiyatamka vizuri, mwongozaji alikuwa ananisimamisha: "Ongeza Uhindi kidogo." Usiku wa onyesho dada wa mekapu alihangaika kulaza nywele zangu, ambazo ni za upande wa mama na hazilali, akazimiminia jeli mpaka zikang'aa chini ya taa, kisha akanichorea masharubu membamba kwa wanja. Nikajitazama kwenye kioo nikaona mtu ambaye hata baba yangu asingemtambua. Ninayo picha ya baba. Hakuwa na masharubu.

Ukumbi ulicheka sana. Siwalaumu, maana hata mimi ningecheka. Utani ule ulikuwa umepangwa vizuri. Ninachouliza ni kwa nini miaka ikapita, kumbi zikabadilika, video ikaja, televisheni za binafsi zikaja, na mimi bado ninauza sukari nyuma ya kaunta ya mbao.

Zilipokuja filamu za kigeni kupigwa hapa kwetu, nikapanda cheo: nikawa Mwarabu. Mara nyingine mlinzi wa Mwarabu, mara nyingine daktari wa mashirika anayepita korido akiwa ameshika faili, hasemi kitu. Na kila anapotokea mtu, Mganda au Mzungu, wa kutengeneza kitu kuhusu enzi za Amin, simu yangu inalia. Najua kabla hajamaliza salamu. Sanduku la bati, mke wa kukodi, mtoto wa kukodi, askari anapiga kelele, tunapanda basi, kata. Tunarudia kwa sababu mtoto amecheka. Tunapanda tena. Nimefukuzwa Uganda kwenye seti mara nyingi kuliko alivyofukuzwa baba yangu, na sijawahi hata siku moja kupewa sehemu ya mtu aliyebaki.

Hapo, Waheshimiwa, ndipo penye uchungu wangu wa kikazi. Waliobaki wapo. Mama zetu walibaki na funguo za maduka ambayo siku chache baadaye walipewa watu wengine. Walibaki na watoto wenye majina ambayo mwalimu hakuweza kuyatamka, wakayabadilisha kwenye rejista ya shule ili mtoto asiulizwe maswali. Baadhi yetu tulilelewa na bibi zetu, tukatahiriwa au tukabatizwa kufuatana na nyumba tuliyoangukia. Tulivumilia vita kama wote, tukapanga foleni ya chumvi kama wote. Mtu anayesimulia historia ya nchi hii kwa kamera anaruka kutoka kwenye basi la 1972 mpaka kwa Wahindi waliorudi baada ya serikali kuanza kuwarudishia mali zao. Katikati ya hapo hakuna mtu. Sisi ndio tulio hapo katikati.

Ndiyo sababu niliacha kusubiri sehemu nikaanza kuziandika.

Sikuwa wa kwanza kumweka katikati ya jukwaa mtu anayedhaniwa kuwa wa pembeni. Mwandishi wa tamthilia Alex Mukulu alipotaka kusimulia miaka 30 ya uhuru wetu, hakumpa simulizi hiyo waziri wala mtemi. Alimpa Kaleekeezi, mkimbizi wa Kinyarwanda, mtu wa kutumwa, aliyeona yote kwa sababu hakuna aliyejali kumficha kitu. Watu waliujaza ukumbi kumsikiliza. Ukirudi nyuma zaidi, Novemba 1962, mwezi mmoja tu baada ya bendera kupandishwa, National Theatre ya Kampala ilionyesha tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o, mwanafunzi wa Makerere kutoka Kenya. Nchi ilikuwa changa kabisa, ina kila sababu ya kujifungia, na sherehe zake za uhuru zikampa jukwaa kijana wa jirani. Wakati huo huo Wahindi wa Kampala walikuwa wanaandika na kucheza tamthilia zao, akiwemo Ganesh Bagchi, na Wycliffe Kiyingi alikuwa ameshatangulia kuwaonyesha Waafrika wenzake kwamba mchezo unaweza kuandikwa kwa Luganda na ukalipa. Makundi yalikaa mbalimbali, sikatai. Ukumbi uliofunguliwa mwaka 1959, ukoloni ukiwa bado umekaa kitini, haukuwa wa kila mtu. Lakini mlango ulikuwa unasukumika.

Nami najua gharama ya kusukuma. Byron Kawadwa alikuwa mkurugenzi wa National Theatre hiyo hiyo alipotekwa na kuuawa mwaka 1977, muda mfupi baada ya kundi lake kurudi kutoka FESTAC, tamasha la sanaa za Waafrika, kule Lagos. Robert Serumaga alizunguka dunia na kundi lake la Abafumi, akaishia uhamishoni, akarudi kuwa waziri mwaka 1979, na mwaka uliofuata akafia Nairobi. Nikilinganisha na hao, mimi nimenyimwa fomu tu. Siwafananishi ninyi na waliomuua Kawadwa, msinielewe vibaya. Nasema watu wa jukwaa nchini hapa wana kumbukumbu ndefu kuhusu wenye mihuri, na heshima inayotakiwa kwao ni zaidi ya kuwaita watumbuizaji wa siku ya sikukuu.

Kuna rafiki zangu wanaoniambia: chotara andika mambo ya machotara, utapata wafadhili wa nje. Wana hoja, wafadhili wa nje wanapenda mtu anayejieleza. Ila mimi namtazama August Wilson wa Marekani. Baba yake alikuwa mhamiaji Mjerumani, mama yake mweusi, na yeye akachukua jina la ukoo la mama. Akaandika tamthilia 10, moja kwa kila muongo wa karne ya 20, karibu zote zikiwa mtaa mmoja wa watu weusi wa Pittsburgh, akapata tuzo ya Pulitzer mara 2. Hakukaa kuandika damu yake imegawanyika vipi. Aliandika mtaa. Mimi nataka kuandika Walukuba na Masese, mitaa ya kwetu Jinja, na humo atapita Mhindi, atapita Mnubi, atapita mvuvi Msamia, na chotara atapita kama anavyopita kila asubuhi kwenda kununua maandazi.

Filamu yangu ya kwanza ndefu niliipiga Jinja kwa kamera ya kukodi na waigizaji waliolipwa kwa mobile money, wengine nusu nusu. Yote ni ya Kiswahili, kile cha kwetu chenye Lusoga na Luganda ndani, si cha redio. Sikuwa na pesa ya ukumbi, nikaipeleka kwenye kibanda cha video pale Masese. Wale msioingia vibandani, nawaeleza: benchi za mbao, mapazia meusi, televisheni moja juu ya kreti, na VJ amekaa pembeni na maiki, anatafsiri filamu ya Kichina au ya Kimarekani kwa Luganda huku akitia na maneno yake. Ni sanaa kamili ile, na siku mkianza kuitolea tuzo nitakuja kupiga makofi. Basi VJ wa pale akashika maiki kwa mazoea. Mwanamke kwenye filamu anasema neno, VJ anafungua mdomo ili alitafsiri, na benchi za mbele zimeshacheka. Akajaribu tena, wakamtangulia tena. Wavuvi, wachuuzi wa dagaa wa mukene, vijana wa boda, wote walikuwa wanafuata bila msaada. Mwisho VJ akaacha kutafsiri, akaanza kubishana na mwenye duka kwenye filamu kuhusu bei ya kitenge. Ukumbi mzima ukaingia kwenye ubishi. Nimepokea sifa za watu wenye tai, hakuna iliyonifaa kazini kuliko ubishi ule, maana ulinionyesha ni wapi mchezo wangu ulikuwa unavuta na wapi ulikuwa umelala.

Kwa hiyo nikisikia kwamba Kiswahili hakina watazamaji Uganda, nauliza: aliyepima alipimia wapi? Ukipimia kwenye ukumbi wenye viyoyozi Kampala, ndiyo, utasikia Kiingereza na Luganda. Nenda Arua siku ya soko. Nenda Mutukula, Malaba, Bombo. Nenda kambi yoyote ya jeshi au ya polisi ukawasikilize wake na watoto wa askari.

Najua pia lipo jambo ambalo halisemwi mbele ya wageni. Kwa wazee wengi wa kusini, Kiswahili ni sauti ya kizuizi cha barabarani. Ni lugha aliyoitangaza Amin kuwa ya taifa mwaka 1973, na ndiyo waliyoamrishwa nayo kushuka kwenye gari na kulala kifudifudi. Walioamrishwa hivyo hawajasahau, na mimi siwaombi wasahau; mama yangu mwenyewe, msemaji wa lugha hiyo, alikuwa anatetemeka akiisikia kwa sauti ya namna ile. Lakini jeraha la namna hiyo linatibiwa wapi kama si jukwaani? Mtu akimsikia mama anambembeleza mtoto kwa Kiswahili, mzee anatongoza kwa Kiswahili, fundi anatukana nyundo kwa Kiswahili, sauti ya kizuizi inabaki moja kati ya nyingi. Msipotupa jukwaa mnaiacha ikae peke yake.

Na kuna kichekesho. Forest Whitaker alipokuja hapa kuigiza Amin katika filamu iliyotoka mwaka 2006, alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hiyo, na mwaka 2007 akapewa Oscar. Waganda wenzetu akina Abby Mukiibi na Stephen Rwangyezi walicheza naye, tukajivuna, na haki tulikuwa nayo. Mmarekani alijua kwamba huwezi kumwigiza mtu wa Uganda ya wakati ule bila Kiswahili. Sasa Mganda akikiandika mwenyewe, anapelekwa dirisha la wageni.

Ndiyo, dirisha la wageni. Sisemi kwa mafumbo. Niliwahi kupeleka mswada wangu wa tamthilia kwenye ofisi moja inayotoa msaada kwa wasanii. Ofisi siitaji, na karani simlaumu peke yake, kwa kuwa fomu hakuitunga yeye. Akasoma ukurasa wa kwanza, akaniangalia, akasoma tena. Kwenye nafasi ya lugha akaandika kwamba ni ya kigeni. Kisha kwa adabu kabisa akaniomba kibali cha kufanya kazi nchini. Nikampa kitambulisho cha taifa. Akakigeuza huku na huku.

"Mzee, hiki ni chako?"

"Ni changu, ssebo. Si unaiona picha?"

"Naiona. Lakini kabila kwenye fomu umeandika Msoga."

"Ndiyo."

Akaenda kumuuliza bosi. Akarudi na ushauri, na ninaamini aliutoa kwa nia njema: nilete barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, kuthibitisha kwamba natoka ninakosema, na ikiwezekana niubadilishe mchezo uwe wa Kiingereza au Luganda, "ndiyo utapita haraka." Barua ya LC1 nilileta. Mchezo sikubadilisha. Haukupita, si haraka wala polepole.

Waheshimiwa wanasheria wenu watawakumbusha ibara ya 10 ya Katiba ya 1995. Raia wa kuzaliwa ni aliyezaliwa Uganda akiwa na mzazi mmoja, au babu au bibi mmoja, wa jamii zilizokuwa zinaishi ndani ya mipaka hii tarehe 1 Februari 1926. Jamii hizo zimeorodheshwa kwenye Jedwali la Tatu. Wasoga wamo. Wanubi wamo. Mama yangu anapita kwa miguu yote miwili, na kwa sheria hiyo mimi sihitaji hisani ya mtu. Katiba ikinitazama inamwona mama. Odishena ikinitazama inamwona baba. (Machotara wasio na bahati ya mama kama wangu, na Wahindi ambao babu zao walizaliwa na kuzikwa hapa lakini jamii yao haimo kwenye Jedwali, wana kesi kubwa kuliko yangu. Ni kesi ya Bunge, siwezi kuimaliza kwenye barua ya mambo ya sanaa.)

Sasa niseme ninachotaka kifanyike, maana barua ya malalamiko matupu inachosha hata anayeiandika.

Kwanza fomu. Mtu akishaonyesha kitambulisho cha taifa, swali la asili yake liishe hapo. Msanii anayeomba fedha za umma aulizwe mswada wake, bajeti yake na kazi alizokwishafanya. Kwenye nafasi ya lugha Kiswahili kiandikwe miongoni mwa lugha za Uganda, na kila penye tuzo au fungu la kazi za lugha zetu, sisi tuingie mlango ule ule wa Luganda, Runyankole na Acholi. Hili halihitaji sheria mpya wala kikao cha hoteli. Ni kazi ya mtu mmoja mwenye kompyuta na idhini ya bosi.

Halafu odishena. Siwezi kumlazimisha prodyuza binafsi ampe nani sehemu gani. Pesa ni yake, na ladha mbaya si kosa la jinai. Lakini mchezo au filamu yenye shilingi ya mlipakodi iitishe odishena ya wazi, na tangazo lake liseme mhusika anafanya nini badala ya kusema ana rangi gani. Nimeona matangazo yanayotafuta "binti mweupe mrembo" kwa sehemu ya muuguzi wa Kitgum. Nimeona pia "tunahitaji sura ya Kizungu au chotara" kwa sehemu ya tajiri. Kwa hiyo msidhani chotara anadhulumiwa tu. Mara nyingine anapendelewa, hasa dada zetu, na msichana mweusi mwenye kipaji mara tatu anabaki nje. Upendeleo huo nao ni uchafu ule ule, na anayefaidika nao leo ndiye atakayeambiwa kesho hana Uganda ya kutosha usoni.

La tatu ndilo linalogharimu pesa, na nitalikazania. Kazi za Kiswahili ziko mikoani, kumbi ziko Kampala. Katikati ya miaka ya 1960 wanafunzi na walimu wa Makerere walipanda magari wakazunguka nchi na michezo ya lugha kadhaa bila kiingilio, wakacheza mashuleni na viwanjani. Walikuwa chuo kimoja. Leo tuna wizara, tuna tume, tuna mabaraza, na mji kama Jinja una kumbi za harusi tu. Jukwaa la harusi limejengwa kwa ajili ya keki: ni fupi, halina pazia, halina pa kutokea mwigizaji, na taa zake ni za rangi ya waridi. Nimeshacheza mauaji chini ya taa hizo. Sidai majengo mapya. Nadai siku chache kwa mwezi kwenye kumbi za manispaa kwa bei ambayo kundi la vijana linaweza kuilipa kwa kiingilio, na gari moja lenye taa na spika la kuzunguka mashariki, kaskazini na West Nile. Na National Theatre ikitupa usiku, usiwe tarehe 7 Julai peke yake, Siku ya Kiswahili Duniani, ambapo tunavalishwa kanzu, tunasoma shairi moja, tunapigwa picha na kurudishwa nyumbani.

Kuhusu vibali nitasema kidogo tu, wenzangu wameshasema mengi. Sheria ya maonyesho ya jukwaani tuliirithi kwa mkoloni, na mwaka 2019 zilipoletwa rasimu za kanuni mpya wasanii walipiga kelele kwa sababu zilielekea kukaza zaidi kuliko kulegeza. Mkiamua kuirekebisha sheria yenyewe, tuiteni kabla hamjaiandika. Na Sheria ya Hakimiliki ya 2006 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ni nzuri sana kwenye karatasi. Mwigizaji anayejiona kwenye televisheni mwaka wa kumi wa marudio bila senti moja angependa kujua ni dirisha gani anapiga hodi.

Kizazi cha sasa kinaendelea bila kutusubiri. Vijana wa Wakaliga, mtaa wa hapa Kampala, walitengeneza filamu za mapigano kwa fedha za kununulia mkaa, dunia ikawatafuta wenyewe. Loukman Ali ameifikisha filamu ya Uganda Netflix. Mwongozaji Mira Nair aliianzisha shule ya filamu ya Maisha hapa Kampala, akawafundisha vijana wa kanda nzima kuandika na kuongoza, na hakuna aliyemuuliza kwa nini Mhindi ameipa shule yake jina la Kiswahili. Haya yote yamefanyika kwa juhudi za watu. Fedha za umma zikiingia kwa haki, watatokea wengi ambao sasa hivi wanauza vocha.

Mswada ule uliokataliwa nimeuandaa upya. Ni mchezo wa watu watano, wa saa moja na nusu, kuhusu mwanamke aliyeachiwa funguo za duka Jinja mwaka 1972. Sihitaji kibali cha kuusoma kwa sauti, nahitaji chumba chenye viti, Kampala au Jinja, na yeyote kati yenu atakayekitoa nitamletea kundi zima kwa nauli yetu. Mazoezi tumeshaanza. Mama anachezwa na binti wa Kinubi kutoka Bombo. Askari ni Msoga mwenye sauti ya kutisha, mpole sana akishuka jukwaani. Mhindi mwenye duka anachezwa na kijana Mganda wa Masaka, mweusi tititi, kwa sababu tulifanya odishena ya wazi na akatushinda wote, mimi nikiwemo.

Wenu katika kazi,

Mwigizaji na mwandishi wa tamthilia,
Jinja